Saa ya Thuwaiba

Umenifunga saa yako mkononi, shoga,
umekaza ukanda mpaka tundu la mwisho,
ukaniambia: Nenda. Nitembelee.
Goti lako limelala juu ya mto, limefungwa kitambaa,
na Muzna yuko Sohar, anazisoma hatua za mama yake
kwenye simu, kila jioni, kama karani wa ushuru.
Basi natembea.

Oktoba, baada ya sala ya alfajiri.
Joto limeanza kulegeza meno
na Qurum nzima imetoka nje
kama watu waliofunguliwa jela ya viyoyozi.
Miezi minne, unakumbuka, tulizunguka madukani,
mimi na wewe na mabuibui yetu na raba nyeupe,
tukipita dhahabu, tukipita manukato,
mlinzi akituhesabia mizunguko kwa vidole.
Leo upepo ni wa Mungu, hauna kitufe.

Hatua mia tatu: nyumba ya Bin Saif.
Paka wake watatu juu ya gari lisilokwenda.
Hatua mia tisa: raundabauti.
Biju anamwagilia maua ya serikali.
Kaniona peke yangu, kagusa goti lake,
kanyanyua nyusi: yuko wapi yule?
Nikamwonyesha saa. Yuko hapa, nikamwambia.
Akacheka, akaipungia mkono.

Bustanini wamepaka rangi mabembea.
Mtoto anajifunza baiskeli,
baba mtu anakimbia nyuma yake
pindo la kanzu kaling'ata kwa meno,
hawezi hata kupiga kelele, "Kanyaga!"
Nilisimama nikatazama mpaka mtoto akaanguka,
akainuka, akaanguka.
Utanisamehe: hapo sikukupatia hatua hata moja.

Kisha mikoko.
Mtaa umepewa jina la mti huu
na wengi wetu tunaupita kwa gari, vioo juu.
Ua wa waya, kibao cha ndege,
yangeyange mmoja kasimama kwa mguu mmoja
kama na yeye katoka kupasuliwa goti.
Maji yamekupwa. Na harufu ile, Thuwaiba.
Hukunituma niiseme, lakini naisema:
harufu ya Wete, mwaka ule
tope liliponimeza kiatu cha Idi, cha kushoto,
nikarudi nyumbani nachechemea
na mama akanipokea na mwiko.

Nimefuata ua mpaka unapokatika,
pale mkondo unapoingia pwani,
vijana wanacheza mpira upande wa pili
na hakuna anayemwangalia bibi wa miaka sitini na tatu.
Nikavua raba. Nikavua soksi.
Nikapandisha buibui, nikaingia.

Saa yako ikatetemeka kama nyuki kwenye chupa.
Haijapita dakika, simu:
— Weye! Umefanya nini?
Muzna kanipigia mbio mbio,
anasema moyo wangu unakwenda mia na thelathini!
Nami nimekaa hapa nachambua mchele!
— Mwambie unapanda ngazi.
— Ngazi gani, na nyumba yangu haina ghorofa?
— Mwambie basi umeota ndoto.
— Macho wazi?
— Wazi kabisa.

Nikakuchekea, hukucheka.
Nikadhani umekasirika: uongo wetu umevuja,
kesho Muzna atakuja na gari na maneno.
Kaa mdogo akanipita juu ya kidole gumba,
akaingia nyumbani kwake bila hodi.
Nikasikia upande wako mchele ukimwagika ungoni,
punje punje, halafu kimya.
Halafu sauti yako, chini chini,
kama mtu anayeogopa kusikiwa na mama yake:

— Hilo tope. La moto, au la baridi?

Juu vuguvugu, nikakwambia.
Ukizama, baridi.